Kazi ya Mtakwimu wa Halmashauri: Namba Zinavyoelekeza Huduma

Kila mwaka, kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai, Halmashauri hukaa na kuamua shule ipi iongezewe vyumba vya madarasa, zahanati ipi ikamilishwe kwanza, na barabara ya kijiji gani iombewe matengenezo. Maombi huwa mengi kuliko fedha. Pale ambapo vijiji kumi vinaomba mradi mmoja, vijiji tisa vitarudi mikono mitupu, na vina haki ya kujua ni kwa kipimo gani. Kipimo hicho, kikiwa cha haki, hakiwezi kuwa sauti ya aliyepaza zaidi kikaoni. Ni takwimu, na mtumishi aliyekabidhiwa jukumu la kuziandaa ni mtakwimu wa Halmashauri.

Wakazi wengi wanawafahamu mwalimu, muuguzi na mtendaji wa kata, kwa sababu hukutana nao. Mtakwimu humfahamu mtu mmoja mmoja tu, ingawa kazi yake inagusa kila kaya. Somo hili linaeleza kazi hiyo ni ipi, linaifundisha kwa mifano ambayo kila mkazi anaweza kuipiga hesabu mwenyewe, na linaonyesha kwa nini mtakwimu hodari hawezi kitu iwapo taarifa zinazotoka kitongojini zina mapengo.

Mtakwimu hufanya nini

Kazi yake ina hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Taarifa hazianzii ofisini kwake. Huanzia kwenye rejesta ya kijiji kwa mtendaji, kwenye daftari la mahudhurio kwa mwalimu, na kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo mhudumu wa zahanati huvijaza kila mgonjwa anapohudumiwa. Mwisho wa mwezi au wa robo mwaka, hesabu hizo hujumlishwa na kupandishwa ngazi ya kata, kisha wilaya.

Hatua ya pili ni kuhakiki. Mtakwimu huuliza: je, vijiji vyote vimeleta taarifa? Je, namba ya mwezi huu inafanana na za miezi iliyopita? Shule yenye wanafunzi 412 mwezi Februari haiwezi kuwa na 4,120 mwezi Machi. Hapo sifuri moja imeongezeka wakati wa kunakili. Kazi hii haina sifa mbele ya watu, nayo ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya muda wake.

Hatua ya tatu ni kuchambua, yaani kulinganisha. Namba iliyosimama peke yake haisemi mengi. Wagonjwa 300 wa malaria kwa mwezi ni wengi au wachache? Hatuwezi kujibu mpaka tujue eneo lina watu wangapi, mwaka jana mwezi kama huo walikuwa wangapi, na kata jirani ina hali gani.

Hatua ya nne ni kuwasilisha. Taarifa hupelekwa kwa wakuu wa idara, kwa kamati za Halmashauri, na hatimaye kwenye Baraza la Madiwani. Mtakwimu haamui mradi uende wapi. Uamuzi ni wa vikao halali. Yeye huwawekea wenye kuamua picha iliyo karibu na ukweli kadiri inavyowezekana, ili wakiamua kinyume cha picha hiyo, waamue wakijua.

Somo kutoka Morogoro na Rufiji

Mfano mzuri wa kazi hii hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo. Katika miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania, ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada kiitwacho IDRC, iliendesha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji ya wakati ule, kabla Kibiti haijawa wilaya. Swali la mradi lilikuwa jepesi kulitamka: je, timu ya afya ya wilaya ikipewa takwimu sahihi za maradhi ya watu wake, pamoja na nyongeza ndogo ya fedha, itapanga bajeti vizuri zaidi?

Ili kupata takwimu hizo, vitabu vya zahanati peke yake havikutosha. Vitabu humwandika aliyefika. Mtoto aliyefariki nyumbani usiku, kabla ya wazazi kupata usafiri, haonekani katika kitabu chochote cha zahanati, na vifo vingi vilitokea nyumbani. Kwa hiyo wadadisi waliteuliwa na kupita kaya kwa kaya, wakiuliza ni nani amezaliwa, ni nani amehama, na ni nani amefariki. Palipokuwa na msiba, wafiwa waliulizwa kwa upole dalili alizokuwa nazo marehemu, na wataalamu wakakadiria kutokana na dalili hizo chanzo cha kifo.

Kisha ukaja ulinganisho. Wataalamu walipima mzigo wa maradhi, yaani miaka ya uhai inayopotea kwa kila ugonjwa. Kwa kipimo hiki, ugonjwa unaoua mtoto mchanga huhesabiwa kuwa umepoteza miaka mingi kuliko ugonjwa unaomchukua mzee. Mzigo huo ukawekwa kwenye chati, na pembeni yake ikawekwa bajeti. Katika Morogoro ilionekana kwamba malaria ilibeba kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilikuwa imetengewa asilimia 5 tu. Hakuna kikao kilichowahi kukaa na kuazimia kwamba malaria ipuuzwe. Bajeti ilikuwa imerithiwa mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyekuwa ameziweka namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Timu za wilaya zilipoziona, zilibadili mpango. Fedha zaidi zikaelekezwa kwenye malaria, ikiwemo matumizi ya vyandarua vyenye dawa, na kwenye mafunzo ya kuwafanya wahudumu wamtazame mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kutibu dalili moja. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000, na vifo vya watoto viliendelea kupungua katika miaka iliyofuata.

Haitakuwa haki kusema kwamba chati ndiyo iliyookoa watoto. Watoto waliokolewa na dawa, vyandarua, wahudumu na mama zao. Lakini chati ndiyo iliyoonyesha dawa na vyandarua vinahitajika zaidi wapi. Hiyo ndiyo kazi ya takwimu katika serikali za mitaa, wala hatuna sababu ya kuidai zaidi ya hapo.

Zoezi la kwanza: kijiji kipi kina shida zaidi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, na kiwe ndani ya mita 400 kutoka kwenye makazi. Tangu mwaka 2019 maji vijijini yanasimamiwa na wakala wa RUWASA, lakini kipimo hiki kinatufaa sote kujifunzia.

Kijiji A kina vituo 9. Kijiji B kina vituo 4. Mtu akisikia namba hizo tu kikaoni, atasema B ndicho kinachostahili kusaidiwa kwanza.

Sasa tuongeze taarifa mbili. Kijiji A kina watu 3,000, na kati ya vituo vyake 9, vitatu vimeharibika. Kijiji B kina watu 1,000, na vituo vyake vyote vinatoa maji. Hesabu inakuwa hivi:

Kijiji A: watu 3,000 gawanya kwa vituo 6 vinavyofanya kazi ni watu 500 kwa kituo.
Kijiji B: watu 1,000 gawanya kwa vituo 4 ni watu 250 kwa kituo.

Kijiji kilichoonekana tajiri kina msongamano mara mbili ya kipimo. Ili kukifikia, kinahitaji vituo 12. Kina 6 vinavyotoa maji. Na kabla ya kuchimba vipya 6, itafaa kuuliza matengenezo ya vile vitatu yatagharimu kiasi gani.

Lakini tusikiache kijiji B haraka. Vituo vyake vyote vinne viko kijijini katikati, na kitongoji chake kimoja chenye watu 200 kiko umbali wa kilomita 3. Kwa wastani, kijiji kimefikia kipimo. Kwa mama wa kitongoji kile, hakuna maji. Wastani ni namba ya kijiji kizima, nayo inaweza kumficha mtu aliye pembeni. Ndiyo maana mtakwimu makini huomba taarifa kwa kila kitongoji, na ndiyo maana mwenyekiti wa kitongoji anayejaza fomu yake kwa usahihi huwa amewatetea watu wake kabla hata kikao hakijaitishwa.

Zoezi la pili: chanjo zilizopita asilimia mia

Tuseme zahanati moja imeripoti kwamba imechanja watoto 120 wakati walengwa walikuwa 100. Taarifa inasomeka: uchanjaji ni asilimia 120. Inawezekanaje kuchanja watoto wengi kuliko waliopo?

Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina namba mbili: ya juu huitwa kiasi, ya chini huitwa asili. Makosa mengi ya takwimu za huduma hukaa kwenye asili. Katika mfano huu yapo maelezo matatu yanayowezekana. Kwanza, idadi ya walengwa imekadiriwa kutokana na hesabu ya zamani, na watoto halisi ni wengi kuliko 100. Pili, wazazi kutoka kata jirani wanaleta watoto wao hapa kwa kuwa ni karibu, au kwa kuwa zahanati yao haina chanjo. Tatu, baadhi ya watoto wameandikwa mara mbili.

Kila maelezo yanadai hatua tofauti. La kwanza linadai chanjo ziongezwe. La pili linadai kata jirani itazamwe, kwa maana huenda takwimu zake zinaonyesha watoto wasiochanjwa ambao kumbe wamechanjwa kwetu. La tatu linadai daftari lisahihishwe. Anayeifuta asilimia 120 na kuandika 100 ili taarifa ipendeze, amezika maswali yote matatu. Mtakwimu anapompigia simu mhudumu wa zahanati kuulizia namba ya namna hii, hamtuhumu. Anatafuta lililo nyuma yake.

Watu wanaongezeka, makadirio yanachakaa

Asili iliyo kubwa kuliko zote ni idadi ya watu. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 61,741,120. Katika miaka kumi tumeongezeka watu 16,812,197, sawa na wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Anayepanga huduma za nchi ya mwaka 2022 kwa hesabu ya mwaka 2012 huwa amemsahau zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne.

Kasi hiyo ikiendelea, idadi ya watu huongezeka maradufu katika takriban miaka 22. Kijiji cha watu 3,000 mwaka 2022, kikikua kwa wastani huo wa taifa, kinafikia karibu watu 3,300 baada ya miaka mitatu. Hata hivyo, hakuna kijiji kinacholazimika kufuata wastani wa taifa. Mahali palipofunguliwa mgodi, stendi au soko jipya watu humiminika; mahali ambapo vijana huhamia mjini ongezeko huwa dogo. Sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi. Katikati ya sensa mbili, kinachoweza kumwambia mtakwimu ukweli wa kijiji ni rejesta ya kijiji, pamoja na usajili wa vizazi na vifo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hali ni hiyo hiyo kwa watu. Mtoto asiyesajiliwa hayumo katika hesabu ya chanjo, na miaka michache baadaye hayumo katika hesabu ya madawati ya darasa la kwanza. Atafika shuleni, maana ni haki yake, lakini atakuta dawati halikupangwa kwa ajili yake. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Kifo nacho kinapaswa kutolewa taarifa hata kama kimetokea nyumbani. Somo la Rufiji lilikuwa hilo: vifo visivyoandikwa havikuonekana katika bajeti mpaka mtu alipobisha hodi na kuuliza.

Taarifa zako na siri yako

Wapo wakazi wanaosita kujibu maswali ya wadadisi kwa kuogopa kwamba majibu yatatumika kuwatoza kodi au kuwaaibisha. Hofu hiyo inastahili jibu. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inakataza kutoa hadharani taarifa za mtu binafsi zilizokusanywa kwa ajili ya takwimu rasmi. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziwajibisha taasisi kukusanya taarifa kwa kusudi linalojulikana na kuzitunza kwa usalama. Mtakwimu huhitaji kujua kwamba kitongoji kina watu 14 wenye ulemavu. Taarifa ya Halmashauri haihitaji majina yao. Unayo haki ya kumwomba mdadisi kitambulisho, na kumuuliza taarifa unazompa ni za nini.

Mkazi afanye nini

Takwimu za Halmashauri haziwezi kuwa bora kuliko daftari la kitongoji. Yafuatayo yako ndani ya uwezo wa kila kaya:

1. Hakikisha kaya yako imo katika rejesta ya kijiji, na toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji anapozaliwa, anapohamia, anapohama au anapofariki mtu.

2. Sajili watoto. Ulizia katika ofisi ya kata au kituo cha afya kilicho karibu utaratibu unaotumika.

3. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Taarifa ya mapato, matumizi na miradi inaposomwa, sikiliza namba, si maelezo tu.

4. Kwa kila namba, uliza maswali manne: Imehesabiwa lini? Imehesabiwa na nani? Imegawanywa kwa watu wangapi? Ni nani ambaye hakuhesabiwa?

5. Ukiona namba isiyolingana na hali unayoijua, sema. Kisima kinachoandikwa kuwa kizima ilhali kimekauka hakitatengewa fedha za matengenezo. Kukosoa takwimu kwa ushahidi ni msaada kwa Halmashauri, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa nafasi ya kuomba taarifa unazohitaji.

Viongozi wa vitongoji na vijiji nao wajiepushe na kishawishi cha kukuza namba ili kupata mgao, au kuzipunguza ili kuonekana wametimiza malengo. Namba iliyokuzwa kijiji kimoja hupunguza haki ya kijiji kingine, kwa kuwa fedha hutoka katika mfuko ule ule.

Zoezi la nyumbani

Kipimo cha shule za msingi ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Shule moja ya mfano ina wasichana 240 na matundu yao 6. Ina wavulana 200 na matundu yao 8. Taarifa iliyosomwa mkutanoni inasema tu: "Shule ina upungufu wa matundu 6." Je, taarifa hiyo ni sahihi? Na je, inatosha?

Jibu: Wasichana 240 gawanya kwa 20 ni matundu 12, wana 6, hivyo wamepungukiwa 6. Wavulana 200 gawanya kwa 25 ni matundu 8. Wanayo 8, hivyo wametosheka. Taarifa ni sahihi, ila haitoshi, kwa sababu upungufu wote uko upande wa wasichana. Kamati ya shule ikijenga matundu matatu upande huu na matatu upande ule kwa nia ya usawa, wasichana watabaki na upungufu wa matundu 3. Fanya hesabu hii kwa shule ya kijiji chako, uende nayo kwenye mkutano ujao.